Jinsi ya Kurekodi Masimulizi ya Wazee wa Familia kwa Simu na Kuyatunza Yasipotee

Maswali ni yale yale kila mara: nirekodi sauti au video, nitumie programu gani, nianze kwa kumuuliza nini bibi ambaye akiona simu imeelekezwa kwake ananyamaza, na nikishamaliza niweke wapi? Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu mwenye simu janja ya kawaida, anayeishi Mwanza mjini, Magu, Sengerema, Ukerewe au kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria, na ambaye anataka masimulizi ya wazee wake yawafikie hata wajukuu ambao hawajazaliwa. Rekodi nyingi za familia hazipotei kwa ubovu wa sauti. Zinapotea kwa sababu zilikaa ndani ya simu moja, zikiwa na jina kama "Sauti 014", mpaka siku simu ilipoibiwa stendi au ilipotumbukia majini wakati wa kushuka kwenye mtumbwi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi inayoelezwa hapa inaanza baada ya kuzima kinasa sauti.

MAHITAJI KABLA YA KUANZA

Unahitaji simu yenye nafasi ya gigabaiti moja au mbili, chaji iliyojaa, na pawabenki kama umeme wa kwenu hautabiriki. Programu ya kurekodi sauti iliyokuja na simu yako inatosha. Usipakue nyingine kabla ya kuijaribu hiyo. Tafuta pia daftari moja litakalotumika kwa kazi hii peke yake, kalamu, penseli laini ya kuandikia nyuma ya picha, na flashi au memori kadi. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ambayo hupatikana katika maduka ya vifaa vya simu, inasaidia sana mahali penye kelele, lakini kukosekana kwake kusikuzuie kuanza.

Kuhusu sauti au video, ushauri wangu ni sauti kwanza. Saa moja ya sauti ya ubora wa kawaida, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua takribani megabaiti 60, ilhali saa moja ya video nzuri hula gigabaiti kadhaa na kuimaliza chaji. Zaidi ya hapo, wazee wengi hukaa kama wanaopigwa picha ya kitambulisho mara kamera inapowashwa, na maneno yao hukakamaa vivyo hivyo. Video ihifadhi kwa kile ambacho sauti haiwezi kukibeba: bibi akifuma kikapu, babu akionyesha namna nyavu zilivyoshonwa, au hatua za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ambazo mtu mzima bado anazikumbuka mwilini.

HATUA ZA KAZI

1. Chagua mzee mmoja na mada moja.

Usimwendee mzee na ombi la "tusimulie maisha yako yote", kwa sababu jibu litakuwa fupi na la jumla. Mwambie kwamba ungependa kusikia habari za pamba ilivyolimwa na kuuzwa nyumbani kwao, au alivyofika Mwanza mara ya kwanza, au habari za ndoa yake. Anza na mzee mwenye umri mkubwa zaidi au mwenye afya dhaifu zaidi, hata kama yupo mwingine mchangamfu ambaye angekurahisishia kazi.

Fikiria pia ni nani atakayeuliza. Mjukuu ana utani na babu yake, na utani huo humpa ruhusa ya kuuliza habari za uchumba, ugomvi na ulevi wa ujanani ambazo mtoto wa kuzaa angeona haya hata kuzitaja. Kinyume chake, mkwe hawezi kuketi na mama mkwe wake na kumhoji kwa uhuru, hata angekuwa ndiye mwenye simu nzuri kuliko wote ukooni. Simu inaweza kuazimwa. Nafasi ya mtu katika ukoo haiazimiki.

2. Omba ridhaa, na uirekodi.

Baada ya kumwamkia na kuketi, mweleze mzee kwa lugha anayoifahamu vizuri kwamba unataka kuitunza sauti yake, ni nani watakaoisikiliza, na kwamba anaweza kukuambia uzime wakati wowote. Kisha, kinasa kikiwa kimewashwa, mwombe akubali tena kwa maneno yake mwenyewe. Usirekodi kwa siri ukitegemea kuomba radhi baadaye. Wazee hugundua, na akishagundua mmoja, wote katika kaya ile watafunga midomo.

3. Andaa maswali yanayoshika matukio, si miaka.

Wazee wengi wa huku hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa, na mwaka uliomo kwenye kitambulisho mara nyingi ni wa kukadiriwa. Ukimuuliza mzee alihamia Kirumba mwaka gani, atakutajia mwaka wowote ili akuridhishe. Muulize badala yake kama ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka, kisha mwaka uutafute wewe mwenyewe. Kwa ukanda wetu matukio ya kushikia ni mengi:

Uhuru wa Desemba 1961, na mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka huohuo, ambapo ziwa liliendelea kupanda hadi 1964 kwa zaidi ya mita mbili na kuyameza mashamba ya kando ya maji. Azimio la Arusha la 1967. Ukame wa 1973 na 1974 na ule unga wa njano ulioitwa yanga. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, wakati watu walipohamishwa na kuacha makazi yao ya asili. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Msako wa wahujumu uchumi wa 1983, na kifo cha Waziri Mkuu Sokoine tarehe 12 Aprili 1984. Kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, na kifo cha Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999.

Kwa familia za wavuvi kuna kipimo kingine kizuri zaidi ya hivyo vyote, nacho ni sangara. Samaki huyu hakuwa wa asili katika ziwa letu. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akawa mwingi kwelikweli katika miaka ya 1980, na furu waliokuwa wakijaza nyavu wakapungua vibaya. Muulize mzee kama jambo analolisimulia lilitokea wakati wa furu na ningu au wakati wa sangara, nawe utapata jibu la haraka na la uhakika kuliko lolote atakalokupa kuhusu mwaka. Mara nyingi swali hilo huzaa simulizi jipya ambalo hukulipanga: siku ya kwanza alipomvua sangara na hakujua ni samaki gani, bei ya minofu viwanda vilipofunguliwa, na ni nani alijenga nyumba ya bati kwa fedha hizo.

Andika maswali manane hadi kumi tu. Yaanze kwa maneno kama "nisimulie", "ilikuwaje" na "nani alikuwepo", kwa sababu swali linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana litajibiwa hivyohivyo.

4. Chagua mahali na saa.

Adui mkubwa wa rekodi kando ya ziwa ni upepo. Jua linapopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, ambao mchana hupiga moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni na kuacha mngurumo usioweza kuondolewa. Rekodi asubuhi, na mkae ndani au nyuma ya nyumba, upande usiotazama ziwa. Chumba chenye mapazia, godoro na makochi hunyonya mwangwi. Sebule tupu yenye sakafu ya vigae huurudisha. Epuka jirani na mashine ya kusaga, zima redio, na jogoo afukuzwe mapema. Katika miezi ya vuli na masika ukisikia matone ya kwanza juu ya bati, simamisha rekodi mpaka mvua ipite, maana hakuna programu itakayokurudishia sauti ya mtu iliyofunikwa na mvua ya bati.

5. Itayarishe simu na ujaribu.

Weka simu katika hali ya ndege. Hatua hii ndogo ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na simu ikiingia katikati ya simulizi, katika vifaa vingi rekodi husimama bila kukuambia. Iweke juu ya khanga iliyokunjwa, si juu ya meza tupu, ili milio ya vikombe na vidole vinavyogonga isisafiri hadi kwenye sauti. Tundu la maikrofoni kwa kawaida liko ukingo wa chini wa simu. Lielekeze kwa mzee, umbali wa sentimita 30 hadi 50 kutoka kinywani. Rekodi dakika moja ya maongezi ya kawaida, kisha isikilize kwa spika za masikioni kabla ya kuendelea. Usikubali kusema "nadhani inasikika".

6. Fanya mahojiano.

Washa kinasa na wewe mwenyewe utaje tarehe, mahali mlipo, jina kamili la mzee, jina lako na undugu wenu. Maneno hayo ya nusu dakika ndiyo kitambulisho cha faili hata kama jina lake litapotea.

Baada ya hapo kazi yako kubwa ni kunyamaza. Mzee akitua, hesabu polepole hadi tano kabla ya kuuliza tena, kwa kuwa mara nyingi jambo zito hufuata kimya. Itikia kwa kichwa badala ya kusema "ee" na "kweli kabisa" kila baada ya sentensi, kwani sauti yako iko karibu na simu na itafunika ya kwake. Akikosea tarehe, usimsahihishe. Andika daftarini na uulize mwishoni. Akitaja mtu, muulize majina yake yote, kwa sababu mtu yuleyule huweza kutajwa kwa jina la ubatizo leo, kwa jina la nyumbani kesho, na kwa jina la mwanawe wa kwanza siku nyingine, na mjukuu atakayesikiliza miaka 40 baadaye atadhani ni watu watatu. Majina ya milima, visiwa, mialo na vijiji yaandike papo hapo na umwombe ayarudie taratibu.

Mwache aseme kwa lugha yake. Kama simulizi linamtoka vizuri kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kikara, usimlazimishe Kiswahili ili kukurahisishia wewe. Tafsiri inaweza kufanywa wakati wowote, lakini nyimbo, mafumbo na majigambo ya ngoma hayatamkiki upya na mtu mwingine.

Dakika 40 hadi 60 zinatosha kwa kikao kimoja. Zipo habari za msiba ambazo hazifukuliwi kwa haraka: familia nyingi za hapa zina mtu aliyezikwa Igoma baada ya ajali ya MV Bukoba, na wengine hawakumpata wa kumzika. Mzee akigusa habari ya namna hiyo na akataka kuacha, acha, zima, mnywe chai.

7. Piga picha za picha.

Karibu kila mzee ana bahasha au albamu. Usiondoke nazo, zifanyie kazi hapohapo. Shika picha kwa kingo, ilaze mezani karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, zima taa ya kamera, na uishike simu sambamba kabisa na picha ili pembe zake zisipinde. Picha iliyogandamana na plastiki ya albamu usiibandue, ipige ikiwa humohumo. Kwa picha chache zenye thamani kubwa, zipeleke steshenari yenye skana na uombe ziskaniwe kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), si 200 ambayo wengi huizoea kwa ajili ya vyeti.

Kinasa kiwe kimewashwa wakati wote huo. Picha hufungua kinywa cha mzee kuliko swali lolote, na utasikia ni nani alisimama nyuma, shati lile liliazimwa kwa nani, na studio ilikuwa mtaa gani. Nyuma ya kila picha andika namba kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino ambayo hupenya na kutokea upande wa mbele.

8. Ipe rekodi jina siku hiyohiyo.

Kabla hujalala, badilisha jina la faili. Anza na mwaka, mwezi, tarehe, halafu jina la mzee, mahali na mada, kwa mfano: 2025-08-14_BibiNyanzala_Nansio_pamba. Mpangilio huo wa mwaka kwanza huzifanya faili zijipange zenyewe kwa mfuatano wa siku. Kisha katika daftari andika jina hilohilo la faili, mambo makuu yaliyosemwa na dakika yalipoanzia: "dakika ya 12, safari ya meli, dakika ya 31, jinsi babu alivyolipa mahari." Bila mistari hiyo hakuna ndugu atakayekuwa na subira ya kusikiliza saa nzima akitafuta jambo moja.

9. Tengeneza nakala tatu.

Ya kwanza ibaki katika simu yako. Ya pili iwe katika flashi au kompyuta. Ya tatu iwe mbali na nyumba yako: kwa ndugu anayeishi mji mwingine, au katika hifadhi ya mtandaoni kama Google, ambayo hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ingawa barua pepe na picha zako zinaigawana nafasi hiyohiyo. Pandisha faili kubwa usiku kama bando lako la usiku ni nafuu. Flashi zisiaminiwe peke yake. Huharibika bila kutoa taarifa, hivyo zifungue angalau mara moja kwa mwaka na uhamishie faili kwenye kifaa kipya baada ya miaka michache.

Na kundi la ukoo la WhatsApp lisihesabiwe kuwa nakala. Picha na video zikitumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa na kupungua ubora, watu hubadilisha simu, na mtu mwenye simu iliyojaa hufuta vya kwenye kundi kabla ya kingine chochote. Ukitaka kutuma faili halisi, litume kama hati, si kama picha wala sauti ya kawaida.

10. Shirikisha kwa kipimo.

Kabla ya kusambaza, sikiliza rekodi yote ukiwa peke yako. Habari za mipaka ya mashamba, urithi, watoto wa nje ya ndoa na madeni zinaweza kuwasha moto ambao mzee hakuukusudia. Tuhuma za uchawi zisitoke kabisa nje ya nakala ya kutunza. Katika Kanda ya Ziwa vikongwe wamepoteza maisha kwa maneno ya namna hiyo, na sauti inayozunguka kwenye simu hairudishwi. Kata vipande vya dakika tatu hadi tano vyenye jambo moja lililokamilika, umpelekee mzee avisikilize kwanza, na akikubali ndipo utume. Ile rekodi nzima usiikate. Fanya kazi hiyo kwenye nakala.

Kwa wazee wenyewe na ndugu wasio na simu janja, weka vipande hivyo katika flashi kwa mfumo wa MP3, wavisikilize kwenye redio ya flashi.

MATATIZO YANAYOTOKEA MARA KWA MARA

Sauti ni ndogo mno. Programu za kuhariri sauti, kama Audacity ambayo ni ya bure kwenye kompyuta, zinaweza kuiongeza, lakini huongeza na kelele zilizokuwepo. Safari nyingine sogeza simu karibu, usitegemee marekebisho.

Mzee anajibu kwa neno moja moja. Achana na maswali na umpe kitu mkononi: picha, jembe la zamani, kadi ya chama cha ushirika, kibuyu. La sivyo mlete rika lake na uwaache waongee wao kwa wao, kila mmoja ajitambulishe mwanzoni ili sauti zisichanganyike.

Wazee wawili wanatofautiana. Usichague mshindi na usifute hata moja. Andika daftarini kwamba mjomba anasema hivi na shangazi anasema vile. Mara nyingi kila mmoja anasimulia alichokiona kutoka upande wake wa mji.

Ndugu wanapinga kazi nzima, wakidhani unatafuta ushahidi wa kugawana mali. Wape wenyewe nakala ya kwanza, wasikilize, na mmoja wao awe msaidizi wako katika kikao kinachofuata.

Familia ina kaseti za zamani. Zirekodi upya mapema, kwa kuwa redio kaseti nzima zinazidi kuwa adimu. Unganisha tundu la spika za masikioni la redio na tundu la maikrofoni la kompyuta kwa waya wenye pini pande zote mbili, weka sauti ya redio chini ya nusu, na uanze kurekodi. Kaseti ikiwa imekaa miaka mingi bila kuchezwa, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe nyuma mara moja kabla ya kuicheza, na kama utepe unakwama, usiulazimishe.

Faili halifunguki kwenye simu nyingine. Huenda ni la mfumo wa m4a ambao baadhi ya vifaa vya zamani havisomi. Tengeneza nakala ya MP3 kwa ajili ya kusikiliza, na lile la asili libaki kama lilivyo katika zile nakala tatu.